Shahada ya Ukocha na Sayansi ya Michezo Inafundisha Nini Hasa

Maharage yanayoiva upesi Kyela hukaa jikoni muda mrefu zaidi yakipikwa Mbeya mjini. Mpishi hana kosa. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Ziwa Nyasa, ilhali Mbeya mjini iko kama mita 1,700. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mbeya huchemkia kwenye nyuzi 94 hivi. Sababu hiyohiyo inachangia kumfanya mchezaji wa kiungo aliyetoka Dar es Salaam ashike magoti mapema katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Jukwaani watasema hana pumzi. Aliyesomea sayansi ya michezo anatakiwa aeleze pumzi hiyo imekwenda wapi, aipime, kisha aamue kesho mchezaji huyo afanye zoezi gani na kwa dakika ngapi.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kueleza, kupima, kuamua. Wengi huomba shahada hii wakidhani watafundishwa mpira kwa miaka mitatu, na wanashtuka muhula wa kwanza wanapokutana na mifupa 206, mzunguko wa damu na takwimu.

Leseni ni kitu kimoja, shahada ni kingine

Mkanganyiko mkubwa uko hapa, kwa hiyo tuumalize kwanza. Leseni ya ukocha wa mpira wa miguu hutolewa na shirikisho, kwa hapa kwetu TFF, chini ya utaratibu wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Huanzia D, ikapanda C, B, A hadi Pro. Ni ruhusa ya kufanya kazi katika mchezo mmoja. Riadha ina ngazi zake za kimataifa, na michezo mingine ina zake. Shahada hutolewa na chuo kikuu, nayo inathibitisha kwamba umesoma mwili, mafunzo na utafiti kwa kiwango fulani. Haikupi kiti kwenye benchi la timu. Mhitimu wa shahada anayetaka kufundisha timu ya ligi hupanga foleni ya leseni kama mwenzake aliyetoka kucheza, na mwenye leseni ya juu hadahiliwi shahada ya uzamili kwa leseni hiyo peke yake. Mwenye akili ya kupanga mambo huzitafuta zote mbili sambamba: leseni za ngazi za chini huchukuliwa wakati wa likizo za chuo.

Kati ya hizo mbili ipo stashahada. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba mkoani Mwanza, ndicho chuo cha serikali kinachojulikana zaidi kwa ngazi hiyo, na maofisa michezo wengi wa halmashauri wamepitia huko. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina programu ya ualimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Tazama neno ualimu hapo. Sehemu ya masomo ni ya kukufanya uweze kusimama darasani, na kwa kijana anayetaka ajira hilo ni jambo la kushukuru, maana shule ni nyingi kuliko klabu zinazolipa.

Kijana wa Iringa au Mbeya asichague chuo kwa sababu kiko karibu na nyumbani. Afungue mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kila mwaka, atafute jina la programu yenyewe, asome sifa zake. Kiwango cha chini cha jumla kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya alama 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu inaweza kudai zaidi ya hapo. Hata pale Biolojia isipotajwa kama sharti, aliyeiacha kidato cha nne ataisoma upya usiku. Fizikia nayo humwokoa mtu kwenye biomekanika, yaani somo la nguvu na mwendo wa mwili.

Kitu kimoja zaidi: shahada hii haimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hiyo ni taaluma ya afya yenye mafunzo yake, kama yale ya KCMC Moshi. Mhitimu wa sayansi ya michezo anajua kuzuia majeraha, kutambua dalili za hatari na kumrudisha mchezaji uwanjani hatua kwa hatua baada ya mtaalamu kumruhusu. Anayekanda goti lililovimba kwa sababu tu alisoma anatomia mihula miwili anavuka mpaka.

Mwinuko wa Mbeya kama somo

Hakuna darasa zuri la fiziolojia ya mazoezi kuliko nyanda zetu za juu, na mwanafunzi wa huku anapaswa kulitumia. Kosa la kwanza linalosahihishwa darasani ni usemi kwamba huku juu oksijeni ni kidogo hewani. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile asilimia 20.9, Kyela na kileleni Rungwe. Kinachopungua ni mgandamizo unaoisukuma iingie kwenye damu.

Hesabu yake ni fupi. Ufukweni mgandamizo ni milimita 760 za zebaki. Ndani ya njia ya hewa mvuke wa maji huchukua 47, hivyo (760 − 47) × 0.209 ni 149. Mbeya mgandamizo ni kama 620, na (620 − 47) × 0.209 ni 120. Msukumo wa oksijeni umepungua kwa karibu moja ya tano. Hata hivyo, uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni haupungui kwa kiasi hicho. Kwa mwanamichezo aliyetoka pwani hushuka kwa kama asilimia 8 hadi 10, kwa sababu hemoglobini inashika oksijeni vizuri hata msukumo ukipungua kidogo. Ndiyo maana mgeni akikaa hotelini hahisi lolote. Tatizo hujitokeza damu inapopita mapafuni kwa kasi, yaani wakati wa juhudi kubwa, na humkumba zaidi aliye fiti kuliko asiye fiti.

Sasa tafsiri hiyo iwe mpira. Mbio moja ya mita 20 haiathiriki, kwa sababu sekunde hizo chache zinaendeshwa na akiba iliyo ndani ya msuli. Kinachoathirika ni kujaza upya akiba hiyo kati ya mbio moja na nyingine, kazi inayohitaji oksijeni. Mgeni atakimbia vizuri mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha atachelewa kurudi kwenye nafasi yake. Hewa nyepesi pia hupunguza ukinzani: mpira mrefu husafiri mbali kidogo kuliko alivyozoea, na kipa wa kutoka pwani anahitaji angalau kipindi kimoja cha mazoezi cha kupokea krosi na mipira ya juu kabla ya mechi.

Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, kwenye mita 2,240, ilionyesha sura zote mbili, ya kunufaika na ya kuumia. Bob Beamon aliruka mita 8.90 katika miruko mirefu. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, wakati rekodi ya dunia ilikuwa 27:39.4. John Stephen Akhwari wetu alimaliza marathoni huko akichechemea, goti likiwa limefungwa bendeji.

Lakini kiasi kinahitajika. Wataalamu huuweka mwinuko wa mita 500 hadi 2,000 katika kundi la mwinuko mdogo, na Mbeya na Iringa ziko humo. Timu iliyofungwa Sokoine haiwezi kumalizia maelezo yake kwenye hewa. Vilevile mwanariadha wa hapa asijidanganye kwamba kuishi Mbeya kunatosha kumjengea damu ya ubingwa. Utafiti maarufu wa Levine na Stray-Gundersen wa mwaka 1997 uliwaweka wakimbiaji waishi mita 2,500 na kufanya mazoezi mita 1,250, kwa wiki nne. Kwa ramani yetu, hilo lingemaanisha kulala karibu na uwanda wa Kitulo na kushuka kwenda mazoezi ya kasi kwenye tambarare ya Usangu. Linawezekana kijiografia, ila nauli na muda wa barabarani vinakula faida. Kulala Njombe, yenye karibu mita 1,900, na kushuka Kyela kwa mazoezi ya kasi mara mbili kwa wiki ni ndoto ya ramani tu, kwani uchovu wa safari nao ni mzigo.

Kupima bila kujidanganya

Hapa ndipo wanafunzi huharibu zaidi, na wengi huharibu kwa haraka.

Chukua jaribio la Cooper la dakika 12, lililochapishwa mwaka 1968. Mtu anakimbia kadiri awezavyo, unapima umbali, unatoa 504.9, unagawanya kwa 44.73. Aliyekimbia mita 2,600 anapata 46.8, yaani mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Namba inaonekana ya kisayansi sana. Kumbuka tu kwamba ilitokana na wanaume wa jeshi la anga la Marekani, si wasichana wa kidato cha tatu wanaokimbia Mbeya kwenye mita 1,700. Hapa kwetu tumia umbali wenyewe, mita 2,600, ulinganishe mchezaji na yeye mwenyewe baada ya wiki nane, uwanja uleule, saa ileile, viatu vilevile. Kumlinganisha na jedwali la kitabu kilichoandikiwa watu wa usawa wa bahari ni kumwonea.

Majaribio ya kwenda na kurudi ya mita 20, kama lile la Léger au Yo-Yo, yanafaa zaidi kwa mpira, netiboli na mpira wa mikono. La Léger huanza kwa kasi ya kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika. Yo-Yo ya kupumzika katikati, ngazi ya kwanza, huanza kilomita 10 kwa saa: mchezaji anakwenda mita 20, anageuka, anarudi, jumla sekunde 14.4, kisha anatembea mita 5 kwenda na 5 kurudi ndani ya sekunde 10. Pima kwa tepu iliyokazwa. Anayehesabu hatua akapata mita 19 amepunguza umbali kwa asilimia 5, na kasi iliyoandikwa 14 kwenye rekodi huwa 13.3 uwanjani. Wachezaji wote watang'ara, na mwalimu ataamini programu yake imefanya kazi. Jaribu sauti kabla ya wachezaji kufika: simama kwenye mstari na saa, hakikisha milio miwili inatofautiana kwa muda ulioandikwa. Kila wachezaji watano wawe na msimamizi mmoja wa mstari. Anayechelewa mara ya kwanza anaonywa, mara ya pili anatoka, na sheria hiyo imguse nahodha kama inavyomgusa aliyeanza juzi.

Mvua za Mbeya huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Uwanja wa nyasi uliolowa unapunguza hatua mbili tatu za matokeo kwa sababu ya kuteleza kwenye kona ya kugeuka. Ukipima Septemba pakavu na ukarudia Januari kwenye tope, umepima uwanja. Ukumbi wa shule wenye sakafu ya saruji unaweza kutumika mara zote mbili, mradi urefu utoshe mita 20 pamoja na mita 5 za nyuma na nafasi ya kusimama kabla ya ukuta.

Kwa kasi, saa ya mkononi ina tatizo la kidole. Katika mita 100, muda wa saa ya mkononi huongezewa sekunde 0.24 ili ulinganishwe na wa umeme. Kwa hiyo ukiripoti kwamba mita 30 zimeboreka kwa sekunde 0.1, huenda umeripoti kidole chako. Simu ni bora. Kwa mruko wa juu, rekodi video na uhesabu muda ambao miguu haikugusa chini. Urefu ni 9.81 mara muda mara muda, gawanya kwa 8. Nusu sekunde ni sentimita 30.7. Lakini video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, na kukosea picha moja kunakupa sentimita 34.9, ongezeko la sentimita 4 lililotoka hewani. Weka simu kwenye picha 240 kwa sekunde, kosa linakuwa karibu nusu sentimita. Angalia pia anayekunja magoti akitua: anachelewa kugusa chini na anaonekana ameruka juu zaidi.

Mzigo wa wiki, pamoja na jembe

Kati ya yote yanayofundishwa, hesabu ya mzigo ndiyo inayoweza kuanza kutumika wiki ijayo bila shilingi. Nusu saa baada ya mazoezi, muulize kila mchezaji zoezi lilikuwa zito kiasi gani, kutoka 0 hadi 10. Zidisha na dakika. Dakika 90 kwa uzito wa 7 ni 630. Wiki ya kawaida inaweza kuwa hivi: Jumatatu 240, Jumanne 630, Jumatano 450, Alhamisi 300, Ijumaa 120, mechi ya Jumamosi 810, Jumapili mapumziko. Jumla 2,550.

Uliza mmoja mmoja, pembeni. Ukiuliza mbele ya kundi, nyota wa timu akisema 4, wote watasema 4. Na usiulize wanapotoka tu kwenye mbio za mwisho, maana watakupa uzito wa dakika tano za mwisho badala ya kipindi chote.

Kisha uliza kitu ambacho vitabu vya kigeni haviulizi. Mchezaji wa timu ya daraja la chini anayeshinda akivuna viazi Uyole kwa muda wa saa tatu, uzito wa 4, amebeba 720 kabla hajavaa viatu vya mpira. Hiyo inazidi zoezi zito la Jumanne. Aliyeendesha bodaboda tangu alfajiri, aliyepanda mlima na ndoo za maji, aliyelala kwa saa tano tu, wote wana mzigo usioonekana uwanjani. Nyama za paja zikikatika Jumamosi watu hulaumu uwanja mbovu. Mara nyingi ukifungua daftari utaona wiki ya kuvuna au ya kupanda iliongezewa mazoezi ya maandalizi ya msimu bila kupunguza chochote. Mwanafunzi anayefanya utafiti katika eneo letu akiweka safu ya kazi za nje katika daftari lake atakuwa ameleta kitu kipya.

Kwa kuzuia majeraha, fundisha mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+. Huchukua dakika 20 hivi na yanahitaji kufanywa angalau mara mbili kwa wiki. Yakifanywa vizuri yanapunguza majeraha kwa takriban asilimia 30 hadi 50. Yanashindwa pale goti linapoachwa liingie ndani wakati wa kutua, kwa sababu mwalimu yuko bize kupanga koni.

Watoto wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari

Wavulana wawili wa miaka 14 wanaweza kupishana miaka kadhaa kwa ukomavu wa mwili. Kurefuka kwa kasi hufikia kilele karibu miaka 12 kwa wasichana na 14 kwa wavulana, na timu za shule huwa zinachagua waliotangulia kukua. Mdogo mwenye akili ya mchezo anarudi nyumbani. Pima urefu kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, bila viatu, kisigino ukutani. Anayerefuka kwa kasi punguzia miruko na mashuti ya kurudiarudia, na maumivu ya uvimbe chini kidogo ya goti yachukuliwe kwa uzito, maana ni pale kano inapovuta mfupa ambao haujakomaa.

Chakula kilichopo

Mikoa ya huku ina vyakula karibu vyote vya mwanamichezo, kwa hiyo lishe haihitaji kopo la unga wa kigeni. Mkimbiaji wa kilo 60 mwenye mazoezi mengi anahitaji wanga kama gramu 6 kwa kila kilo, yaani 360 kwa siku. Karibu nusu kilo ya unga wa mahindi inabeba kiasi hicho, au ugawanye kati ya ugali, viazi, ndizi za Tukuyu na wali wa Kyela. Mlo mkubwa uliwe saa tatu kabla ya mechi. Ili kujua kiasi cha maji, mpime uzito kabla na baada ya mazoezi akiwa na nguo zilezile kavu: kila kilo iliyopotea anywe lita moja na robo hadi moja na nusu, taratibu, ndani ya saa chache.

Chuma ndicho kinachosahaulika. Mwili unaoishi juu unatengeneza hemoglobini zaidi, na msichana anayepata hedhi hupoteza chuma kila mwezi. Maharage na mboga za majani vinacho, lakini chai hukizuia kisifyonzwe. Katika wilaya zinazolima chai, kama Mufindi na Rungwe, ambako birika haliondoki mezani, mwambie asinywe chai kuanzia saa moja kabla ya mlo wa maharage hadi saa moja baada yake, na aongeze kipande cha chungwa au papai. Akiwa mchovu wiki nyingi, apelekwe hospitali apimwe damu. Vidonge vya chuma visitolewe kwa kukisia.

Utafiti wa mwisho

Kazi ya mwaka wa mwisho huangushwa na swali pana. "Athari za mazoezi kwa wanafunzi wa Mbeya" haina mwisho. "Je, wiki nane za mazoezi ya kupasha mwili zinabadilisha urefu wa mruko kwa wachezaji wa netiboli wa shule mbili za Iringa" inakamilika. Anza na wachezaji wengi kuliko unaowahitaji, kwa kuwa mitihani, ada na likizo vitawapunguza, na pima kila mtu mara mbili ndani ya wiki ya kwanza kabla ya kuanza chochote, ili ujue namba inacheza kiasi gani yenyewe. Ongezeko lolote dogo kuliko kucheza huko kwa namba usilitangaze kama mafanikio.

Wachezaji wakiwa chini ya miaka 18, ridhaa ya mkuu wa shule peke yake haitoshi. Karatasi ya mzazi iandikwe kwa Kiswahili, iwe ukurasa mmoja, ieleze mtoto atapimwa nini, nani ataona matokeo, na kwamba anaweza kujitoa bila adhabu. Ifike nyumbani wiki moja kabla, maana mzazi wa Makete au Ludewa ambaye mtoto wake yuko bweni hawezi kuisaini jioni ya siku ya kupima.